Watoto wetu wanajiona wapi kwenye tele?

Hapa kwetu Kasongo mtu mwenye pano ya jua, batri inayoshika chaji na tele ndogo hana tena nyumba yake siku ya Jumamosi jioni. Watoto wa jirani wanaingia kwa hodi moja watu kumi, wanakaa mkekani, wengine wanasimama dirishani na kutuzibia upepo. Mimi ni mmoja wa hao waliopoteza nyumba. Tunatazama kilichopo: flashi iliyonunuliwa sokoni, ambayo muuzaji ameijaza filamu za Nigeria, nyimbo za Kinshasa, mpira, na vipande vya michezo ya kuigiza ya Kenya na Tanzania vilivyokatwa popote pale. Kipande cha tatu kinaweza kutangulia cha kwanza. Hakuna anayelalamika.

Jioni moja ya majira ya mvua, miaka minne iliyopita, kilitokea kipande cha mchezo wa shule kutoka Kenya. Jina lake halikuandikwa. Kijana mmoja amepewa na mama yake pesa za shule, naye amezila. Kila asubuhi anavaa iniforme, anaaga vizuri, anafuata njia ya shule mpaka konani, halafu anageuka. Anashinda chini ya mti na daftari lake, jioni anarudi nyumbani na uchovu wa mtu aliyesoma. Watoto walicheka sana, sababu kila mmoja anamjua mtoto wa namna hiyo. Mmoja akapiga kelele: "Ee, huyu ni sisi kabisa!" Mtoto wa dada yangu, aliyekuwa anakaa kwangu kwa ajili ya masomo, miaka 15 wakati ule, hakucheka. Alisimama, akasema anakwenda kunywa maji, na hakurudi. Nitarudi kwake mbele kidogo.

Tangu siku ile nikaanza kujiuliza. Filamu nyingi zenye vijana ndani yake zimepita nyumbani mwangu kama upepo wa mchana: bastola, majumba, wasichana wenye nywele ndefu, hakuna aliyetikisika. Sababu gani kipande kile cha dakika 20, bila kichwa wala mkia, kilimnyanyua kijana kutoka mkekani? Nimetafuta, nimeuliza, nimesoma juu ya michezo ya namna hiyo katika nchi mbalimbali. Haya ndiyo niliyoyaona.

Wanafunzi wenye ndevu

Tuanze na jambo dogo ambalo watoto wanaliona kabla yetu: umri. Katika michezo mingi ya tele "mwanafunzi" ni mtu mzima aliyevalishwa nguo za shule. Huko Marekani, mchezo uitwao Beverly Hills, 90210 ulipoanza mwaka wa 1990, Gabrielle Carteris alicheza msichana wa miaka 16, na yeye mwenyewe alikuwa na miaka 29. Kwa jirani zetu wa Kenya, Tahidi High, mchezo wa shule ya sekondari ulioanza kwenye Citizen TV mwaka wa 2006, ulipendwa mno. Uliwajulisha watu kama Sarah Hassan, aliyecheza Tanya, na Abel Mutua, aliyecheza Freddy na ambaye baadaye alikuwa pia mwandishi wa michezo. Lakini wengi kati ya wanafunzi wale walikuwa wamekwisha kukomaa, na watoto wa mkekani kwangu waliwahesabia ndevu. "Huyu ni baba ya watu," akasema mmoja, "anangoja nini darasani?"

Tusicheke haraka. Vita vimewachelewesha vijana wetu wengi, na mwalimu yeyote wa sekondari huku Maniema ya kusini amekwisha kufundisha mtu mwenye mke. Kwetu mwanafunzi mwenye ndevu ni wa kweli. Shida iko mahali pengine: msichana wa miaka 14 anapoonyeshwa mwili wa mwanamke wa miaka 25 na kuambiwa "huyu ni mwenzako", anajipima kwa kipimo kisicho chake. Anadhani yeye ndiye aliyechelewa.

Wakanada walijaribu njia nyingine. Linda Schuyler alikuwa mwalimu wa shule mjini Toronto kabla hajatengeneza michezo ya tele pamoja na Kit Hood. Degrassi Junior High, iliyoanza mwaka wa 1987, ilichukua watoto wenye umri ule ule wa wale wanaoigizwa, wasiokuwa waigizaji wa kazi. Chunusi zilikuwa zao, aibu ilikuwa yao, sauti zilikatika zenyewe. Kenya nayo ilifanya jambo linalofanana na Machachari, mchezo wa Citizen TV uliotazamwa sana katika miaka ya 2010. Malik Lemuel aliyecheza Govi, Tyler Mbaya aliyecheza Baha, na Ian Nene aliyecheza Almasi, waliingia wakiwa watoto, na nchi nzima ikawaona wakirefuka mwaka kwa mwaka. Mtoto wa nyumbani alikua pamoja na mtoto wa kwenye tele. Hilo haliwezi kununuliwa kwa nguo wala kwa rangi za uso.

Halafu lugha. Vijana wa Nairobi wanasema Sheng, na michezo hiyo inawaacha waseme Sheng. Watoto wetu hawashiki nusu ya maneno, sababu Kingwana chetu kilikuja na misafara ya Tippu Tip na kikakaa huku na kuota mizizi yake. Lakini wanasikia mara moja kwamba yule kijana anasema kama kijana, si kama kitabu cha sarufi. Mchezo ambamo mtoto wa miaka 16 anasema kama hakimu wa mahakama, wanauzima hata kabla batri haijaisha.

Rachel na jogoo mweupe

Mtauliza: na sisi Wakongomani? Enzi ya Zaïre, wale waliokaa karibu na tele walikuwa na tiyatre ya Kinshasa, Groupe Salongo, Théâtre de chez nous, na tulicheka mpaka machozi. Lakini nikikumbuka vizuri, ile ilikuwa tiyatre ya wazazi. Kulikuwa baba, mjomba, mke wa pili, mkwe mwenye maneno. Kijana aliingia mlangoni kuleta shida, kama mimba au wizi au marafiki wabaya, halafu wakubwa wakaijadili ile shida wakati yeye amesimama pembeni anaangalia chini. Hakuna aliyetuonyesha alikuwa anawaza nini pale pembeni.

Kwa hiyo nataka kutaja filamu moja, ingawa si mchezo wa tele, sababu ndani yake yupo binti wa kwetu. Mwaka wa 2012 Mkanada Kim Nguyen alitoa filamu Rebelle, aliyoipigia Kongo. Msichana Komona anachukuliwa na waasi akiwa na miaka 12, tunamfuata mpaka miaka 14. Aliyemcheza ni Rachel Mwanza, binti ambaye alikuwa ameishi katika njia za Kinshasa bila baba wala mama wa kumlea. Mwezi wa pili wa mwaka ule, mjini Berlin, alipewa Dubu wa Fedha, zawadi ya mwigizaji mwanamke bora. Mwaka wa 2013 filamu ilikuwa kati ya zile tano zilizoshindania tuzo la Oscar la filamu za nchi za nje.

Vita, coltan, watoto wenye bunduki: hayo tunayajua, huku hatuhitaji kufundishwa neno "kadogo". Kilichonigusa ni kitu kingine. Katikati ya vita ile kijana aitwaye Magicien, aliyechezwa na Serge Kanyinda, anampenda Komona, naye anamwambia: ukitaka kunioa, niletee kwanza jogoo mweupe. Basi kijana anazunguka vijiji vyote kutafuta jogoo mweupe, watu wanamcheka, wanampa jogoo wa rangi nyingine, anakataa. Pale ndipo nilipowaona vijana wetu. Wengi wanaokuja na kamera kutupiga picha wanachukua machozi peke yake. Wanasahau kwamba mtoto wa vitani naye anatafuta jogoo, anatania, anaona haya, anapenda mpira. Mchezo wenye machozi tu ni uongo sawa na ule wenye majumba tu.

"Ndiyo yenyewe"

Sasa twende kwa mchezo uliogombanisha watu kuliko yote. Mwezi wa pili wa mwaka wa 1999 tele ya serikali ya Afrika Kusini, SABC, ilianza kuonyesha Yizo Yizo, vipindi 13. Jina lile, kwa lugha ya mitaa yao, linakaribia kusema "ndiyo yenyewe". Uliagizwa na tele yenyewe pamoja na wizara ya elimu, sababu shule za mitaa ya watu weusi zilikuwa katika hali mbaya: ubaguzi wa rangi uliisha kwenye sheria mwaka wa 1994, lakini uchafu wake ulibaki madarasani. Badala ya kutoa hotuba, walipiga picha ya shule moja ya kubuni, Supatsela, na wakaionyesha ilivyo: wahuni wanaotawala choo, walimu walevi, wasichana wanaoogopa njia ya kurudi nyumbani.

Ndani ya vipindi vile shule inapita mikononi mwa wakubwa watatu. Wa kwanza anatawala kwa fimbo, wakati sheria ya nchi ilikuwa imekwisha kukataza fimbo shuleni tangu mwaka wa 1996. Wa pili anaachilia kila kitu, anataka kupendwa na wote, na wahuni wanaingia na kukaa. Wa tatu ni mwanamke, naye anaanza kuijenga shule polepole pamoja na wanafunzi na wazazi. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Maprefe wangapi wa namna hizo tatu tumekwisha kuwaona huku kwetu?

Wazazi wengi walikasirika. Walisema mnawafundisha watoto wetu uhuni, mnatutia aibu. Sehemu ya pili ilipotoka mwaka wa 2001, ugomvi ulifika bungeni, na wabunge kadhaa walitaka mchezo usimamishwe. Watoto wenyewe hawakukosa kipindi hata kimoja. Ulikuwa kati ya michezo iliyotazamwa kuliko yote nchini humo. Sehemu ya tatu ilikuja mwaka wa 2004.

Kwa upande wangu nakubaliana na wale wazazi nusu tu. Ni kweli kwamba wahuni wa Yizo Yizo walipewa nyimbo nzuri na maneno matamu, na kijana wa miaka 14 anashika kwanza kofia ya mhuni kabla hajashika mwisho wake. Hilo ni kosa la mtengenezaji. Lakini lile neno "mnatutia aibu" silipendi. Choo kile kilikuwepo kabla ya kamera. Msichana aliyeogopa njia alikuwa anaogopa kabla ya mwaka wa 1999, tofauti ni kwamba sasa baba yake, amekaa kitini, alilazimishwa kuiona njia yenyewe. Nafikiri hapo ndipo hasira nyingi zilipotoka.

Kinachotokea kesho yake

Kuna kipimo kimoja ambacho mimi nakitumia sasa, nacho si wingi wa mambo mabaya wala uzuri wa mafundisho. Nauliza: je, mchezo huu una kesho? Mtoto akikosa leo, mchezo unatuonyesha Jumatatu yake?

Turudi kidogo kwa Degrassi ya Kanada. Katika vipindi vya kwanza kabisa msichana aitwaye Spike, aliyechezwa na Amanda Stepto, anashika mimba akiwa bado darasani. Mchezo mwingine ungemaliza kwa machozi ya kipindi kimoja, wiki inayofuata habari nyingine. Pale hapana. Tumbo likakua, mtoto akazaliwa, Spike akaendelea kuwa mama na mwanafunzi. Mwaka wa 2001 mchezo ulipoanza upya na watoto wapya, mmoja wa wanafunzi aliitwa Emma. Ni yule mtoto wa Spike. Miaka ilikuwa imepita kwenye tele kama inavyopita nyumbani.

Mfano mwingine ni Shuga, iliyoanza Nairobi mwaka wa 2009 kwenye chaneli ya MTV. Humo Lupita Nyong'o alicheza Ayira, miaka mitano kabla hajapata Oscar. Habari zake ni za vijana waliokwisha kufika chuo, mapenzi, pombe, ukimwi, na zinasemwa wazi kuliko sisi tulivyozoea kusema mbele ya watoto. Sitaficha kwamba kuna vipande ambavyo ningezima tele. Lakini sikilizeni kilichotokea sehemu za baadaye zilipohamia Nigeria. Wachunguzi watatu, Abhijit Banerjee, Eliana La Ferrara na Victor Orozco, walikusanya vijana karibu 5,000 wa miaka 18 mpaka 25 katika miji ya kusini magharibi ya nchi ile. Wengine walionyeshwa Shuga, wengine mchezo mwingine wa vijana wa Nigeria usiokuwa na habari za ukimwi. Baada ya miezi kadhaa, wale wa Shuga walikuwa wamekwenda kupimwa virusi karibu mara mbili zaidi ya wenzao. Na matokeo yalikuwa na nguvu zaidi kwa wale waliosema kwamba mchezo uliwachukua, kwamba waliingia ndani ya habari na kusahau mahali walipokaa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka tena yule mtoto aliyekwenda kunywa maji. Mafundisho alikuwa nayo tele, toka kwangu, toka kwa mwalimu, toka kwa mama yake. Kile kipande hakikumfundisha kitu. Kilimwonyesha mtu anayeficha kile anachoficha yeye, akivaa shati lile lile jeupe.

Kariere bado haina mchezo

Wanaopenda lugha ya Kifaransa wanao mchezo wa C'est la vie!, unaotengenezwa Senegal tangu katikati ya miaka ya 2010, wenye kituo cha afya katika mtaa wa kubuni uitwao Ratanga, na ndani yake wasichana wa umri wa shule na shida zao. Ni kazi nzuri. Goma nako, Yole!Africa ya Petna Ndaliko imewatia vijana kamera mikononi tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na wanapiga picha za maisha yao kwa Kiswahili chao. Lakini kati ya Goma na sisi kuna misitu, mito, na njia ambazo kila dereva ana jina lake la kuzitukana. Mtoto wa Kasongo au wa Kabambare bado hajajiona.

Angejiona vipi? Mimi si mwandishi wa tiyatre, lakini nimeishi huku vya kutosha. Mchezo wetu ungeanza asubuhi na wanafunzi wa bulu na nyeupe wanaofukuzwa mlangoni sababu ya minervali. Tangu mwaka wa 2019 shule ya msingi ya Serikali ni bure, na tunashukuru. Lakini akivuka kwenda sekondari, mzazi anaanza kuhesabu upya. Ungekuwa na kijana anayerudi toka Salamabila na simu mpya na buti, anapita polepole mbele ya shule yake ya zamani kusudi waliomo madarasani wamwone. Ungekuwa na msichana anayeuza mikate mdomoni mwa mashimo, anayeitwa majina matamu na watu wenye umri wa baba yake. Ungekuwa na ndugu mkubwa aliyewahi kukaa na Mai-Mai na ambaye hapendi kuulizwa. Ungekuwa na familia ya huku kwetu kabisa, ambamo nyanya anasali msikitini na wajukuu wanaimba kwaya ya parokia, na sikukuu zote mbili wanakula wali pamoja. Na kicheko, jamani. Wasisahau kicheko.

Wangemwonyesha pia yule kijana jinsi kampuni zinavyopita. Namoya, kampuni ya Banro ilitangaza uzalishaji kamili wa biashara mwezi wa kwanza wa 2016, na mwaka wa 2019 ikasimamisha kazi kwa kukosa usalama. Mtoto aliyeingia sekondari wakati magari makubwa yanapita, alifika miaka ya mwisho wakati milango imefungwa. Ndoto yake ilikuwa kuvaa kofia ya kampuni. Akabaki na koleo.

Sheria zipo. Sheria ya mwaka wa 2002 juu ya madini inatoa kadi ya mchimbaji mdogo kwa mtu mzima peke yake. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumtumikisha katika kazi zinazomharibu, na inaweka ndoa kwenye miaka 18. Kwa hiyo kwenye karatasi hakuna mtoto kariereni. Nendeni mkaangalie wenyewe siku ya soko. Sisemi mchezo wa tele ungewatoa mashimoni. Anayemtoa mtoto shimoni ni yule anayelipa minervali. Ninachosema ni kwamba hata shida kubwa kama hii, ambayo kila nyumba inaijua, haina mahali inapoonekana, na kitu kisichoonekana kinazungumzwa kwa kunong'ona.

Kipande kilichokatwa

Asubuhi ya Jumapili ile, mtoto wa dada yangu alinikuta nyuma ya nyumba ninaosha pikipiki.

"Mjomba, yule mtoto alirudi shuleni?"

"Nani?"

"Yule wa jana. Wa kwenye tele."

Nikamwambia sijui, kipande kilikatwa. Akakaa kimya, akachukua kitambaa, akaanza kuosha upande wa pili. Halafu akauliza: "Na mama yake alisema nini?"

Niliacha maji yamwagike. Nilikuwa nimekwisha kuelewa, lakini nilimwacha aseme mwenyewe. Majuma matatu hakuwa ameonekana shuleni. Pesa alizotuma mama yake, ambaye anauza mchele na mafuta ya mawese upande wa Kabambare, aliziunganisha na za wenzake wawili: wakanunua koleo, tochi, kamba, na sehemu katika shimo la mtu. Walitaka kuzirudisha mara mbili kabla ya mitihani. Hawakupata kitu. Kila asubuhi alikuwa ananiaga vizuri sana, na mimi nilikuwa namsifu mbele ya watoto wangu sababu ya adabu ile.

Sitasema sikukasirika. Maneno niliyoyatoa pale si ya kuandikwa kwenye jarida la familia. Lakini wakati napiga kelele nilikuwa nasikia ndani yangu lile swali, mama yake alisema nini, na nikaona kwamba mtoto alikuwa ananiuliza mimi nifanye nini, si yule mama wa Kenya. Tulimpigia dada yangu jioni, akipanda mahali penye mtandao. Nilieleza yote. Simu ilikaa kimya mpaka nikadhani imekatika. Halafu hakuuliza juu ya pesa, wala juu ya uongo. Aliuliza: "Shimo lilikuwa na urefu gani?"

Mtoto akajibu, mita 12. Wote wawili wakaanza kulia.

Alirudia mwaka. Siku hizi ana miaka 19, yuko darasa la mwisho, na ndevu zimeanza kumtoka. Watoto wa mkekani wanamwita mwigizaji. Na mimi, kila ninapopita sokoni, bado nasimama kwa wauza flashi na kuwaeleza ule mchezo: kijana, kona ya njia, mti, daftari. Wananitafutia, wananiwekea vipande vingine vya shule, vya harusi, vya majini. Kile kinachofuata hawajakipata.